Hesabu ya Penseli

Mpaka juzi, saa tisa alasiri,
nilikuwa najua kila kitu.
Wajumbe mia nne na sitini
katika daftari la mistari mipana,
penseli nimeichonga kwa wembe:
Mhandisi Nyanzobe, mia mbili na kumi na mbili,
Bulugu, mia moja tisini na nane,
na hamsini wale wa "tutaona",
kila chama kinao, kama mchele na chuya zake.

Tulipungukiwa na kumi na tisa. Kumi na tisa tu.
Nilishawajua kwa majina:
Magesa wa Ukerewe anataka gati,
Bi Kabula wa Sengerema anataka
asalimiwe yeye kwanza, kabla ya mumewe,
wengine chumba chenye feni.
Nilikuwa napata usingizi.

Dirisha la fomu lilikuwa ghorofa ya pili,
Kirumba, juu ya duka la nyavu.
Dakika ishirini kabla halijafungwa
gari jeupe likasimama, bila ngoma, bila mabango,
akashuka Balozi Lutamila,
mstaafu wa mara mbili, aliyeagwa mara tatu
(ile saa ya ukutani tuliyompa
nilichangia mimi elfu mbili).
Akapanda ngazi akishika ukuta.
"Nimeombwa," akasema.
Basi. Nimeombwa.
Na waandishi wote wale, hakuna aliyeuliza na nani.

Usiku vijana wetu walishangilia:
"Atamla Bulugu! Wazee watagawana wazee,
sisi tunapita katikati!"
Nikashika penseli. Hesabu ikakubali.
Karatasi haijawahi kubishana na mtu.

Asubuhi Magesa hakupokea simu.
Bi Kabula alipokea, akaniita mwanangu.
Hajawahi kuniita mwanangu.
"Sijahama," akasema, "nimesogea kidogo tu,
nimpishe mtu mzima apite."
Hadi adhuhuri, waliosogea kidogo
walifika thelathini na mmoja.
Nikafuta. Nikapuliza unga wa ufutio.
Kwa Bulugu nako, nasikia,
mwenzangu wa daftari amechana kurasa.

Bibi yangu wa Igombe
alikuwa na jina kwa kila furu:
wa mawe, wa matope, mwenye shavu jekundu.
Akaletwa sangara. Nani alimleta, bibi hakujua,
alisikia tu kwamba wakubwa wameona faida.
Sangara hakugombana na furu, alisema,
hakuwatukana, hakuhutubia.
Alifungua mdomo tu, akaendelea kuogelea.
Majina yakabaki kinywani mwa bibi
hayana samaki.

Jioni nilikwenda Makoroboi kwa Shija wa fulana,
kufuata mia tatu zetu za kijani.
Nyuma ya mashine, marobota hadi darini,
na kwenye tundu la nailoni, jicho la Balozi,
nusu ya tabasamu.
"Elfu tatu," Shija akasema. "Zimenijalia chumba."
Nikapitisha kidole juu ya robota.
Kikarudi na vumbi.

Leo ni Juni.
Stakabadhi inasema tarehe kumi na moja Machi.
Kuchelewa kwake kulitolewa kianzio.

Shija hakuficha kitu, yeye ni mtu wa rangi na kitambaa.
Aligeuza kitabu nione aliyelipa:
sahihi fupi, mkia umejikunja kama ndoana.
Naijua. Ndiyo inayoidhinisha nauli yangu,
vocha zangu, na hii penseli.

Nilirudi kambini usiku. Walikuwa wanakula sato.
Mwenyekiti wa kampeni alinisogezea kiti,
akanimegea upande wa mgongo, usio na miiba,
akafuta vidole kimoja kimoja.
"Haya, binti wa hesabu. Leo tuko wangapi?"

Nyanzobe naye akainua macho kutoka kwenye sahani.

Daftari lilikuwa mkobani, limejaa makovu.
Nikamwangalia mwenyekiti vizuri, nikatabasamu.
"Mia mbili na kumi na mbili," nikasema.
"Hakuna aliyesogea."